Laki sita zinatosha kuanza kukarabati fanicha za zamani

Mkuu, umeuliza kama laki sita zinatosha kuanza kukarabati fanicha za zamani nyumbani, na kama uanze na mashine ya msasa. Zinatosha, ila mashine iache kwanza. Niko kwenye kazi hii Temeke mwaka wa 9 sasa. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa na patasi tatu, randa, nyundo ya mbao, msasa wa mkono, na mipira ya tyubu ya baiskeli ya kubania maungio gundi ikauke. Mipira hiyo naitumia mpaka leo.

Mteja anarudi kwa sababu kiti hakiyumbi tena. Wengi wakiona kiti kimelegea wanapiga msumari. Msumari unapasua ulimi wa mbao, ile ncha inayoingia kwenye tundu la kiungo, na kiti kinarudi kibaya zaidi. Wewe kifungue. Vya zamani sana viligundishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama: funga kitambaa cha maji ya moto kwenye kiungo, gundi italainika, gonga taratibu kitaachia. Kisha kwangua mpaka uone mbao tupu, maana gundi nyeupe ya siku hizi haishiki juu ya gundi kuukuu. Kukwangua huko kunachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Kuna kabati la mama mmoja, ukumbusho wa marehemu mumewe. Nikaona mninga, nikalipiga msasa namba 80, ule wa chembe kubwa. Kumbe mninga ule ulikuwa ganda jembamba tu, limebandikwa juu ya mbao nyingine. Likatokea doa jeupe, upana wa kiganja. Moyo ulinipasuka. Nilimpigia simu siku ileile nikamweleza, nikabandika ganda jipya kwa pesa yangu. Tangu hapo naangalia kwanza ukingo wa mlango: mistari ya mbao ya juu isipoendelea pembeni, hilo ni ganda, na msasa unakwenda kwa vidole.

Bei usitaje kwa picha ya WhatsApp. Nenda, pindua kiti, choma miguu kwa bisibisi. Unga ukimwagika, dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao, wamo ndani na hesabu inabadilika. Chukua nusu kabla, mwandikiane na tarehe ya kuja kuchukua. Mimi nina viti vinne vya watu vimekaa tangu mwaka jana, na chumba ni hikihiki kimoja.

Anza na viti vya mezani vya majirani. Cha kwanza ukikifungua, tuma picha ya maungio kabla hujatia gundi, tukiangalie pamoja.