Mwalimu anajibu: historia ya bale baliona na macho yao

Asante kwa maswali. Bengi munauliza namna ya kufundisha historia na masimulizi ya bantu benyewe. Miye niko mwalimu wa historia hapa Lubumbashi, mu Katanga (Congo), najibu vile nafanyaka mu klase.

Kwetu Katuba klase nzima haina kitabu. Wazee ba Union Minière (kampuni ya migodi wakati ya ukoloni) na Gécamines, yenye iliikamata nafasi, banaweza kutusaidia?

Sana. Lakini usitume mutoto aende kuuliza nkambo (mzee wa famili) "ukoloni ilikuwa namna gani", atajibiwa "tuliteseka" ao "tulikulaka muzuri" na njo mwisho. Aulize kitu ya mukono: siku ya posho (chakula ya kampuni) nani alikuwa anaenda kupanga mulolongo, unga banapima na nini, mama akizaa banaongeza? Hapo mzee anaamuka, anakuonyesha gunia na mikono, bibi yake (mke) anamukatiza anasema hapana, ilikuwa ndogo, miye njo nilikuwa nayibeba weye ulikuwa ku kazi. Maneno ya bibi uyaandike yote, juu mambo ya nyumba bwana mara mingi hayajui. Kiisha njo mwalimu anaongeza yake: mbele kampuni ilikuwa inaleta wafanyakazi wengi toka Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), kuanzia 1928 ikashika mikataba ya miaka 3 na kuwaweka bantu na bibi na batoto mu kampi. Miye mwaka naandikaka ku tablo nyuma ya masimulizi, hapana mbele.

Nkambo wangu anasema wakati ya Tshombe, kiongozi wa Katanga, ilikuwa raha. Jirani akisikia hivyo analia. Nani anadanganya?

Pengine hakuna. Sesesyo ya Katanga (kujitenga na Congo) ilianza tarehe 11/7/1960 ikaisha mwezi wa kwanza 1963, na kila mutu aliipitisha fasi yake. Uliza nkambo: ulikuwa unalala wapi, unatumikia nani? Pengine alikuwa ku biro, mushahara inafika. Halafu peleka maswali ile ile kwa jirani, juu mwaka 1961 Baluba, kabila yenye serikali ya Tshombe ilikuwa inatesa, maelfu na maelfu balikimbilia mu kampi ya wakimbizi hapa hapa mujini, basoda ba ONU (Umoja wa Mataifa) bakiwalinda, na kama famili yake ilikuwa mule utaelewa machozi. Balimu bengine banagawanya klase bale huku bale kule, kama mechi ya Mazembe na Lupopo. Miye sipendi ile, mutoto anatoka na timu, hatoke na historia.

Mgomo ya wafanyakazi ba Union Minière ya 1941, bale balikuwako bamekufa. Tutauliza nani?

Mwenye alikuwa na miaka 10 ile wakati leo anapita 90, kweli bamebaki haba. Kuko batoto bao, lakini uandike vile iko: "baba alinielezea". Bengi banajua kama tarehe 9/12/1941 basoda balipiga risasi ku uwanja ya mupira, Léonard Mpoyi akafa pale na bengine. Hesabu ya bale balikufa inabadilika kufwatana na mwenye kuhesabu, donc weka namba zote ku tablo, uulize klase kila moja ilitoka kwa nani. Na kuko maandiko: 1965 André Yav, boyi (mutumishi wa nyumba ya bazungu) wa zamani, aliandika historia ya Elisabethville (jina ya zamani ya Lubumbashi) na Swahili yetu hii hii, vile baboyi baliiona. Johannes Fabian, mtafiti wa mila na desturi, aliichapisha 1990. Kuona ile maandishi haifike mu masomo yetu, naona haya.

Mutoto yangu bamemwambia aniulize mambo ya 1992-1993, wakati bantu ba asili ya Kasai balifukuzwa mu Katanga. Miye siwezi.

Mama, hakuna mwenye kukulazimisha, na mwalimu akikata pointi juu ya ile amekosa. Ku banki (kiti ya klase) moja kuko mutoto mwenye famili yake ilifukuzwa, ilingojea treni ya Kasai ku lagare ya Likasi, na pembeni yake mutoto wa bale balibaki. Ukiuliza mbele ya bote "nani alifanya", klase imekufa. Miye ile sura natumiaka masimulizi yenye imeandikwa, bila jina ya mutu ao avenyu, na naulizaka tu balibeba nini, baliacha nini.

Kurekodi na telefone ni muzuri?

Ndiyo, omba ruhusa mbele, kiisha sema tarehe na kartye kwa sauti. Mzee akinyamaza umuache, usirukie swali ingine. Audio usiitume mu grupe ya WhatsApp kabla yeye mwenyewe asikilize. Akisema toa hapa, unatoa.