Maswali ya wasomaji: Tovuti ipo, wageni hawaji

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia jambo moja: mtu ametoa fedha kujenga tovuti, na hakuna anayeifungua. Wengi wenu mnauliza mtangaze wapi. Tumechagua sita, na mtaona kwamba mara nyingi kasoro imo ndani ya tovuti yenyewe, na kuirekebisha hakuhitaji bajeti ya matangazo.

Tuna nyumba ya wageni ya vyumba vinane. Tovuti ilikamilika miezi mitatu iliyopita, lakini nikiandika jina letu kamili kwenye Google hatutokei kabisa. Fundi ananiambia nisubiri. Nisubiri hadi lini? (Mwenye nyumba ya wageni, Pangani)

Usisubiri zaidi. Tovuti ya miezi mitatu isiyoonekana hata kwa jina lake kwa kawaida imefungiwa kwa bahati mbaya. Andika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha anwani yako bila kuacha nafasi, mfano site:jinalako.co.tz. Usipopata ukurasa hata mmoja, Google haijakuorodhesha. Ukipata kurasa zako, umeshaorodheshwa, na shida ni kwamba wengine wanakutangulia.

Kosa tunalolikuta kuliko mengine yote liko kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti. Ndani ya Mipangilio, sehemu ya Kusoma, kuna kisanduku kinachoiomba mitambo ya utafutaji isiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi ili kazi isiyokamilika isionekane, kisha siku ya kukabidhi wanasahau. Ondoa tiki na uhifadhi. Kama kuna programu inayotunza nakala za kurasa ili zifunguke haraka, isafishe pia, la sivyo nakala za zamani zitaendelea kubeba amri ya noindex, yaani "usiorodheshe". Kama tovuti yako si ya WordPress, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U uone msimbo wake, kisha tafuta neno hilo hilo, noindex.

Hatua ya pili, fungua jinalako.co.tz/robots.txt, faili linaloiambia mitambo ya utafutaji isome nini. Ukikuta mstari wa "User-agent: *" na chini yake "Disallow: /", tovuti nzima imezuiwa, kwa kuwa mkwaju peke yake humaanisha kurasa zote. Amri hizi mbili huchanganywa sana. Ya robots.txt inaizuia Google kuusoma ukurasa. Ya noindex inaikataza kuuorodhesha, lakini sharti iusome kwanza ndipo ikutane na katazo. Ndiyo maana ukurasa uliozuiwa kwa robots.txt pekee unaweza kujitokeza kwenye matokeo ukiwa anwani tupu isiyo na maelezo.

Baada ya hapo jisajili Google Search Console, chombo cha bure kinachokuonyesha jinsi Google inavyoiona tovuti yako. Chagua kuthibitisha domeini nzima, yaani jina la tovuti kama jinalako.co.tz: utapewa mstari wa maandishi, nawe utauweka kama rekodi ya TXT pale uliponunulia domeini. Njia hii inabeba anwani zako zote, zenye www na zisizo nayo. Wasilisha ramani ya tovuti, ambayo WordPress tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 huitengeneza yenyewe kwenye /wp-sitemap.xml. Kisha kagua anwani ya ukurasa wa mwanzo na uombe uorodheshwe. Omba mara moja tu, kwani kurudia ombi hakuongezi kasi. Majibu huchukua siku chache hadi wiki kadhaa. Wakati huo weka kiungo cha tovuti kwenye ukurasa wako wa Facebook, Instagram na popote wageni wanapokuwekea nafasi, maana Google hugundua kurasa mpya kwa kufuata viungo.

Kampuni moja imeniahidi viungo 5,000 kutoka tovuti nyingine na nafasi ya kwanza Google ndani ya mwezi, kwa shilingi 15,000. Duka langu ni la vifaa vya ujenzi. Nilipe? (Mfanyabiashara, Nakuru)

Usilipe. Hakuna mtu wa nje mwenye uwezo wa kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kununua viungo ili kupanda kwenye matokeo kunavunja kanuni za Google waziwazi. Tangu mabadiliko yaliyoitwa Penguin, Aprili 2012, viungo vya aina hii vimekuwa hatari kwa anayevipokea. Siku hizi mara nyingi vinapuuzwa tu, na fedha yako imekwenda. Ikiwa mbaya zaidi, mkaguzi wa Google anaishusha tovuti kwa mkono, na taarifa yake utaikuta Search Console kwenye sehemu ya hatua zilizochukuliwa kwa mkono. Kujinasua hapo ni kazi ya kutafuta kiungo kimoja kimoja na kuomba kiondolewe.

Anayetafuta saruji au mabati anataka duka analoweza kulifikia leo. Kwa hiyo kwako chombo kikubwa kuliko tovuti ni Google Business Profile, wasifu wa duka unaoonekana kwenye Google na ramani zake, nao hauna malipo. Andika jina lile lile lililo kwenye kibao cha duka. Wapo wanaobandika "mabati bei nafuu Nakuru" kwenye jina, na wasifu wao husimamishwa. Chagua aina ya biashara iliyo karibu kabisa na kazi yako, weka saa za kufungua pamoja na za sikukuu, namba ya simu inayopokelewa, na picha za mbele ya duka ili mtu alitambue akiwa barabarani. Uthibitisho siku hizi hufanywa mara nyingi kwa video: utarekodi mtaa, kibao, kisha ndani ukionyesha kwamba wewe ndiye mwenye funguo.

Google hupanga maduka ya eneo kwa mambo matatu: yanavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali huuwezi. Mengine mawili unayaweza, hasa kwa maoni ya wateja. Mwombe mteja anapoondoka, umtumie kiungo kwa simu, na ujibu kila maoni, hata ya lawama. Usimpe punguzo la bei ili aandike, kwa sababu hilo nalo limekatazwa.

Nina tovuti ya mapishi ya Pwani. Naandika kila wiki, lakini wasomaji hawaongezeki. Wengine wananishauri nihamie Kiingereza. Mnasemaje? (Mpishi, Mombasa)

Dada yetu, kabla ya kubadili lugha, tazama ripoti ya utendaji kwenye Search Console. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika, mara ngapi ukurasa wako ulitokea, mara ngapi ulibofywa, na ulikuwa nafasi ya ngapi. Kumbukumbu zake zinarudi nyuma miezi 16, kwa hiyo unaweza kulinganisha Ramadhani mbili.

Panga kwa idadi ya kutokea, kisha tafuta maneno yenye kutokea kwingi na mibofyo michache. Ukiwa nafasi ya 3 na hubofywi, kasoro ni ya kichwa cha habari. "Ladha ya nyumbani" hakimwambii mtu chochote. "Mahamri laini ya nazi: vipimo vya unga kilo 1" kinamwambia atapata nini. Herufi 50 hadi 60 hutosha, zaidi ya hapo Google hukata. Ukiwa nafasi ya 12 au 15, ukurasa unakaribia kufika, na hapo ndipo pa kuongeza kazi: kwa nini mahamri hayakufura, unga ukae muda gani, mafuta yawe ya moto kiasi gani, nazi ya kopo inafaa au haifai. Haya ndiyo maswali anayouliza mtu aliye jikoni, na ukurasa unaoyajibu yote hautamlazimu arudi kutafuta kwingine.

Angalia pia majina. Unachokiita kaimati huko Mombasa, msomaji wa Dar es Salaam anakiandika kalimati. Taja yote mawili ndani ya maandishi, kwa sentensi ya kawaida. Usitengeneze kurasa mbili zinazofanana, kwani zitagombania nafasi moja. Na orodha ya maneno muhimu ambayo wengine huificha kwenye msimbo wa ukurasa iacheni kabisa. Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Kuhusu lugha, ushauri wetu ni ubaki na Kiswahili na ukifanye vizuri zaidi. Kwa Kiingereza utashindana na tovuti kubwa za mapishi za dunia nzima. Ukitaka wasomaji wa ughaibuni pia, tafsiri mapishi 10 yanayopendwa zaidi, kila moja kwenye anwani yake, kisha unganisha kurasa hizo kwa alama za hreflang, zinazoitajia Google lugha ya kila ukurasa, sw kwa Kiswahili na en kwa Kiingereza. Kila ukurasa uutaje mwenzake. Ukitaja upande mmoja tu, Google huipuuza alama hiyo.

Tovuti yetu ya picha za harusi inafunguka polepole sana kwenye simu. Je, ninunue huduma ya gharama zaidi ya kuihifadhi? (Mpiga picha, Dodoma)

Anza na picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inaweza kuwa na MB 5 au zaidi, na picha 20 za namna hiyo zinamaliza bando la mgeni kabla hajaona namba yako ya simu. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1,600 au chini, zibadilishe kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, na kila moja isizidi KB 200. Picha za chini zipakuliwe tu mtu anaposhuka nazo, lakini ile ya juu kabisa usiicheleweshe. Pima kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi: kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukiona seva yenyewe inachelewa kujibu hata baada ya kupunguza picha, hapo ndipo uzungumze na wanaokuhifadhia.

Tulihama kutoka domeini ya .com kwenda .co.tz. Wageni wamepungua zaidi ya nusu. Fundi ameelekeza anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo mpya. Amekosea wapi? (Msimamizi wa tovuti ya utalii, Arusha)

Amekosea hapo hapo ulipotaja. Anwani ya zamani ya "kupanda Kilimanjaro njia ya Machame" ikimpeleka mtu ukurasa wa mwanzo, Google huona kwamba ukurasa ule umetoweka, na sifa yake yote, pamoja na viungo vilivyoelekezwa kwake kwa miaka, inapotea. Kila anwani ya zamani inapaswa kuelekezwa kwenye mwenzake mpya kwa uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301.

Kusanyeni anwani za zamani kutoka Search Console ya domeini ya zamani na kutoka ramani ya tovuti mliyokuwa nayo. Ziwekeni kwenye jedwali la safu mbili, ya zamani na mpya, mkianza na zile zilizokuwa na mibofyo mingi. Kama sehemu ya anwani baada ya domeini haikubadilika, kanuni moja kwenye seva inatosha kwa zote. Kama ilibadilika, kila moja iandikiwe mstari wake. Elekezeni moja kwa moja hadi mwisho, bila kupitia anwani ya tatu.

Kisha kagueni msimbo wa kurasa mpya. Mara nyingi alama ya canonical, inayoitajia Google anwani halisi ya ukurasa, inabaki ikionyesha .com, na hapo mnakuwa mnaiambia Google mambo mawili yanayopingana. Badilisheni pia viungo vya ndani. Mwisho, tumieni chombo cha kubadili anwani ndani ya Search Console, nacho kinahitaji mmiliki wa domeini zote mbili. Endeleeni kuilipia .com kwa mwaka mmoja angalau. Sisi tungeilipia zaidi, kwa kuwa viungo vilivyo kwenye vitabu vya wasafiri na tovuti za nje havitabadilishwa na mtu.

Kikundi chetu cha akina mama kinauza sabuni za mwani. Tunatuma kiungo cha tovuti kwenye WhatsApp, lakini picha haitokei, na takwimu hazisemi wageni wametoka wapi. (Katibu wa kikundi, Unguja)

Picha hutoka kwenye alama ya og:image ndani ya msimbo wa ukurasa, inayotaja picha ya kuonyeshwa kiungo kinapotumwa. Anwani yake iandikwe kamili, ikianza na https, si nusu. Tumieni JPEG ya pikseli 1,200 kwa 630, chini ya KB 300. Kwa kuwa ni simu ya mtumaji inayoandaa picha hiyo, ngojeni sekunde chache baada ya kubandika kiungo, hadi picha itokee, ndipo mtume. Mkiwa mmebadilisha picha na ya zamani bado inang'ang'ania, ongezeni ?v=2 mwishoni mwa kiungo ili kichukuliwe kuwa kipya.

Kuhusu takwimu, wageni wengi wa WhatsApp huhesabiwa kwenye Google Analytics kama waliokuja moja kwa moja. Ongezeni alama kwenye kiungo: ?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=idi. Andikeni kwa herufi ndogo daima, kwani WhatsApp na whatsapp huhesabiwa kuwa vyanzo viwili. Alama hizi msiziweke kwenye viungo vya ndani ya tovuti yenu. Zitaficha mgeni alikotoka kwanza.

Jambo moja kuhusu orodha ya matangazo ya WhatsApp: inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yenu. Mteja anaponunua, mwombeni aihifadhi papo hapo. Wasio wateja bado, waelekezeni kwenye chaneli ya WhatsApp, ambako mfuasi haoni namba ya mwenzake. Kuwaingiza watu kwenye kundi bila kuwauliza acheni. Namba ya simu ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Tanzania ya 2022 na ya Kenya ya 2019, kwa hiyo pateni ridhaa kwanza na mwandike tarehe mliyoipata.