Fundi Anajibu: Taa hafifu, fyuzi zinazoyeyuka na jicho lisilofumbuka

Fundi, habari za kazi? Nakaa Kigamboni, nina gari la Kiingereza, MGB GT ya mwaka 1972. Taa zake kubwa ni za manjano kama koroboi, na ya kulia imezidi kwa uhafifu. Nikiweka dimu, kile kitaa cha bluu cha dashibodi ambacho ni cha fulu kinawaka kwa mbali. Nimefunga balbu za wati 100, mwanga haujaongezeka, ila swichi ya taa sasa inapata moto. Ninunue betri mpya?

Betri iache kwanza. Kitaa cha bluu kimeshakutajia ugonjwa: taa ya kulia imekosa ethi, yaani njia ya kurudishia umeme kwenye bodi ya gari. Umeme wa dimu unaingia kwenye balbu, haupati pa kutokea, unarudi kwa kupitia uzi wa fulu (ule unaowaka ndani ya kioo) wa balbu hiyohiyo, unafuata waya wa fulu hadi taa ya kushoto, na huko ndiko unakoikuta ethi. Kitaa cha dashibodi kimeunganishwa kwenye waya huohuo, nacho kinaonja. Volti ambazo zingekuwa za uzi mmoja zimegawanywa kwa nyuzi tatu, kila mmoja unaambulia kama 4. Mwanga utoke wapi?

Balbu za wati 100 zitoe leo. Kwenye MGB taa kubwa hazina fyuzi kabisa. Umeme unatoka waya wa kahawia, unaingia swichi ya dashibodi, unatoka kwa waya wa bluu hadi mkono wa usukani, na hapo unagawanyika: bluu yenye mstari mweupe ni fulu, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu. Balbu mbili za wati 100 zinavuta karibu ampia 17 kupitia swichi iliyotengenezwa kwa ajili ya kama 10. Ikishika shoti, hakuna kitakachokatika isipokuwa waya wenyewe, na utaungua pamoja na fungu zima lililopita nao.

Sasa upimaji. Washa injini, ipe mzunguko wa kama 2,000, washa dimu. Kwenye betri (ziko mbili za volti 6, nyuma ya viti) mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Kisha nenda nyuma ya taa ya kulia. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachomoa soketi, wanapima, wanaona volti 13, wanasema umeme upo. Bila balbu hakuna mkondo unaopita, na waya uliobakiwa na unywele mmoja wa shaba utakuonyesha volti kamili. Acha soketi ilipo, choma ncha za mita kwa nyuma yake.

Ncha moja iguse waya mweusi wa taa, nyingine chuma kisafi cha injini. Ikizidi volti 0.2, ethi ni mbovu. Kwako nategemea uone kadhaa. Ukimaliza upande huo, pima kutoka waya mnene wa kahawia pale kwenye stata hadi waya wa bluu-nyekundu wa taa. Hadi 0.5 tunavumilia. Ikifika 1 au zaidi, kuna kiungo kinachokula umeme, na utakitafuta kimoja kimoja. Usidharau volti moja: mwanga wa balbu haushuki sawasawa na volti, unaporomoka. Taa iliyopaswa kupata 13.5 ikipata 12 imepoteza kama theluthi ya mwanga wake.

Anza na viungo vya risasi, yaani ncha za waya zenye umbo la risasi ya bunduki zinazochomekwa kwenye vile vijineli vya mpira mweusi vilivyojaa nyuma ya grili. Upepo wa chumvi wa huko kwenu unavipenda sana. Toa waya wa betri, kisha chomoa kiungo kimoja kimoja kwa koleo, ukikishika chenyewe na kukizungusha kidogo, usivute waya. Ukikuta unga wa kijani, sugua risasi kwa msasa namba 400 na badilisha kijineli chote, maana kile cha zamani kimelegea ndani na hakisafishiki. Ukichuna waya ukakuta shaba nyeusi, endelea kukata hadi ing'ae. Lehemu haishiki kwenye shaba nyeusi hata ukibembeleza. Waya wa ethi ufunge upya: milimita 2.5 za mraba, kichwa cha pete, rangi ya bodi ikwanguliwe hadi chuma kionekane, kaza, halafu ndipo upake vaselini juu. Ukipaka kabla ya kukaza umejinyima mwenyewe.

Hapo taa zitakuwa zimerudi. Ukitaka zing'ae kuliko zilipotoka kiwandani, funga rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) mbili za ampia 30, moja ya dimu, moja ya fulu. Umeme mkuu utoke kwenye stata kwa waya wa milimita 4, na fyuzi ya ampia 20 iwe ndani ya sentimita 20 kutoka hapo, kwa sababu kipande kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na mtu. Uingie mguu wenye namba 30 wa kila rilei. Mguu 86 upokee waya wa zamani wa bluu-nyekundu au bluu-nyeupe, 85 uende ethi, 87 uende kwenye taa kwa waya wa milimita 2.5. Swichi yako kongwe itabaki na kazi ya kuamsha rilei tu, kama ampia 0.2, na haitapata moto tena. Balbu ziwe 60/55, yaani wati 60 za fulu na 55 za dimu.

Kwa wenye MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967: hizo zilitoka kiwandani na ethi chanya, yaani upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Balbu na rilei za kawaida hazijali, lakini balbu za LED na redio zinajali sana. Tazama betri kabla ya kufunga chochote.

Fundi, gari ni Datsun 240Z. Boksi la fyuzi limeyeyuka kwenye nafasi ya taa za paki, lakini fyuzi yenyewe haijawahi kukatika. Fundi mmoja wa mtaani ameniwekea fyuzi kubwa zaidi. Ni sawa?

Si sawa, rudisha ya zamani. Fyuzi inakatika mkondo ukizidi, na kwako mkondo haujazidi. Kilichozidi ni ukinzani pale kishikio kinapoigusa fyuzi. Chukua ampia 8 zinazopita kwenye kishikio chenye kutu ya ohmu 0.1 tu: ni wati 6.4 za joto kwenye kipande cha bati kidogo kuliko ukucha, kimezungukwa na plastiki. Joto linalegeza kishikio, kikilegea ukinzani unaongezeka, joto linapanda tena.

Gusa boksi baada ya dakika 15 za taa kuwaka. Nafasi yenye moto ndiyo yenye kasoro. Kishikio kilichogeuka bluu au kahawia kimepoteza uspringi, kukibana kwa koleo kutakusaidia wiki mbili. Dawa ni boksi jipya la fyuzi za bapa, na kila waya ukatwe hadi shaba safi kabla ya kubanwa kichwa kipya. Kazi ya siku nzima, ila gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973 linastahili siku moja.

Shikamoo fundi. Eunos Roadster yangu, ile ya taa zinazojificha ndani ya bodi, imetoka Japani. Taa ya kushoto haipandi, ya kulia inapanda. Nikienda hivyo Mikocheni nzima inanicheka.

Marahaba. Fungua boneti, bonyeza kitufe cha kupandisha taa, sikiliza mota ya kushoto. Ikiunguruma na taa haiendi, fimbo inayounganisha mota na taa imechomoka kwenye kichwa chake cha mviringo. Ikinyamaza, weka taa ya majaribio kwenye soketi ya mota huku mwenzako akibonyeza: umeme ukifika na ethi ni nzima, mota imekufa au imekwama, usipofika, fuata waya.

Kabla hujaingiza mkono, toa waya hasi wa betri. Mota hiyo ikiamka ghafla haichagui kidole. Kisha vua kifuniko cha mpira juu ya mota, chini yake kuna kirungu. Kizungushe kwa mkono, mizunguko mingi, mpaka taa isimame. Kikiwa kigumu kupita kile cha kulia, bawaba zimeshikwa na vumbi na grisi iliyokauka. Osha, paka mpya. Ikigoma usiku, kirungu hichohicho ndicho kitakachokufikisha nyumbani.

Nimepata taa za inchi 7 Kariakoo, kioo kizuri, lakini magari yanayokuja yananipigia fulu.

Simama mbele ya gari, utazame kioo. Taa ya kiwango cha Ulaya iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, kama sisi, ina mshale unaoelekea mkono wako wa kulia. Isiyo na mshale ni ya nchi za kuendesha kulia, na inainua mwanga upande wa dereva anayekuja. Hairekebishiki kwa skrubu, irudishe. Yenye mshale wa pande mbili inafaa kote, hakikisha tu imegeuzwa upande wetu. Kisha simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare: mstari wa juu wa mwanga wa dimu uwe sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa.