Shika palepale unapofuta: kukausha na kung'arisha glasi nyembamba za mvinyo

Mleta mada, pole kwa hiyo glasi. Umeuliza mambo mawili: kwa nini glasi zako za mvinyo zinakauka na madoa meupe hata ukiziosha vizuri, na kwa nini moja imekatika mguu mkononi mwako ukiifuta tu, wala haijagonga popote. Wengi waliotangulia wamekushauri ununue kitambaa kizuri zaidi. Kitambaa kina nafasi yake, nitakifikia, lakini sidhani kama ndicho kilichovunja glasi yako. Naomba niandike kwa urefu kidogo kwa sababu yote mawili yamenipata mimi mwenyewe, na la pili lilinipeleka kushonwa.

Tulipooana tulipewa glasi sita za kristali, zile nyembamba ambazo ukipitisha kidole kilicholowa kwenye ukingo zinalia. Nilizipenda kupita kiasi, nikawa siruhusu mtu mwingine azioshe. Siku moja nimemaliza kuosha, nimeshika kitako kwa mkono wa kushoto, nimeingiza kitambaa tumboni kwa mkono wa kulia, nazungusha. Sikusikia hata ule mlio wa chombo kuvunjika. Ilikuwa kama njiti ya kiberiti inayokatika, basi. Tumbo likabaki kwenye kitambaa, kitako kikabaki mkono wa pili, na ule mguu uliochongoka ukaingia kwenye kiganja chini ya kidole gumba. Nyuzi tatu. Miezi michache baadaye nikavunja ya pili kwa namna ileile, ila safari hii sikuumia.

Aliyenitoa gizani ni shemeji yangu, ambaye amefanya kazi ya kuhudumu mezani kwenye hoteli kwa miaka mingi. Alinitazama nikifuta ya tatu, akaninyang'anya kwa upole, akasema, "Shemeji, hii glasi unaikamua kama shuka." Na kweli, ukitazama mikono ya mtu anayefuta glasi kwa kushika kitako, ni mikono ya mtu anayekamua nguo: mmoja unakwenda huku, mwingine kule. Nguvu zote mbili zinakutana kwenye mguu, ambao ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Kioo kinavumilia sana kukandamizwa, lakini hakivumilii kuvutwa, na msokoto ni namna ya kukivuta. Mguu ukiwa na mkwaruzo mdogo hata usioonekana kwa macho, ufa unaanzia hapo na kumaliza safari kabla hujajua kitu.

Kwa hiyo kanuni aliyonipa ndiyo ninayokupa: shika sehemu ileile unayoifuta. Ukifuta kitako, shika kitako. Ukifuta mguu, shika mguu. Ukifuta tumbo, mikono yote miwili iwe kwenye tumbo na kitako kibaki kinaning'inia hewani bila kuguswa na mtu.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Chukua kitambaa kikubwa, kikubwa hasa, kisichopungua upana wa taulo la mikono, maana unahitaji ncha zake mbili kwa wakati mmoja. Anza na kitako: kibane kati ya kidole gumba na vidole viwili ndani ya kitambaa, kizungushe taratibu. Panda kwenye mguu, ufute kwenda juu na kushuka, usizungushe. Halafu tumbo. Funika kiganja cha kushoto kwa ncha moja ya kitambaa, ulaze tumbo la glasi humo kama unavyobeba yai, mguu ukipita katikati ya vidole. Kwa mkono wa kulia chukua ncha ya pili, isukume ndani ya glasi, kidole gumba kikiwa ndani na vidole vingine nje. Sasa zungusha glasi yote, usizungushe mkono mmoja dhidi ya mwingine. Ukifika kwenye ukingo, hakikisha gumba la ndani na kidole cha nje vimetazamana sawasawa. Ukisukuma kutoka ndani bila mkono wa nje kupokea, ukingo unamegeka. Na ngumi isiingie ndani ya glasi, hata kama mdomo wake unaonekana mpana. Kinachoingia ni kitambaa na kidole gumba tu. Pete pia ivuliwe.

Mwanzoni utajiona mzito. Mimi nilihitaji kama wiki mbili mikono izoee, na tangu hapo sijavunja hata moja kwa kitambaa. Nne zilizobaki ni zilezile nne.

Sasa madoa. Hayo meupe ya duara duara si uchafu uliobaki, ni madini yaliyokuwa ndani ya maji. Maji magumu, yale yanayofanya birika liote gamba jeupe kwa ndani, yana kalsiamu na magnesiamu. Tone likikauka juu ya glasi, maji yanapaa, madini yanabaki pale tone lilipokuwa. Ndiyo maana unaweza kuosha mara tatu na madoa yakarudi mara tatu: kila unaposuuza unaweka madini mapya. Dawa yake ni kutoyaacha maji yakauke yenyewe juu ya kioo.

Wengi wetu tunakosea hapo. Tunaosha usiku, tunapanga glasi kwenye kichanja, tunalala, asubuhi ndiyo tunataka kung'arisha. Asubuhi kazi imeshakuwa ngumu, unakandamiza kwa nguvu ili kutoa doa, na nguvu ndiyo inayovunja. Madoa yako na mguu uliokatika naviona kama tatizo moja lenye sura mbili. Glasi iliyofutwa ikiwa bado ina joto haikudai nguvu.

Mimi naosha glasi moja moja, kwa maji ya vuguvugu na tone dogo la sabuni ya vyombo, sponji laini isiyowahi kusugua sufuria. Rangi ya mdomo ukingoni naifuta kwanza kwa karatasi laini kavu, maana ina nta na mafuta na ukiipeleka moja kwa moja kwenye maji unaitandaza tu. Nasuuza kwa maji ya moto kiasi mkono unavyovumilia. Usiruke kutoka baridi kwenda moto kwa ghafla, hasa kwa kristali. Pandisha joto kidogo kidogo. Nazigeuza juu ya taulo lililokunjwa dakika moja au mbili zichuruzike, si zaidi, kisha nafuta. Nina vitambaa viwili: cha kwanza kinanyonya maji, cha pili ni kikavu kabisa na kazi yake ni kung'arisha. Ukitumia kimoja kwa kazi zote, kufikia glasi ya tatu unatandaza unyevu badala ya kuuondoa.

Kama glasi imeshakauka, au imekaa kabatini na kuingia vumbi, tumia mvuke. Chemsha maji, shika glasi kwa kitako huku mdomo ukitazama chini juu ya mvuke, mkono wako uwe pembeni usije ukaungua, sekunde chache tu hadi uone ukungu ndani. Kisha ng'arisha kama nilivyoeleza. Siri yake ni kwamba kalsiamu haipai pamoja na maji, inabaki birikani. Mvuke ni maji yasiyo na madini, kwa hiyo hauachi doa. Glasi iliyotoka kwenye baridi iache kwanza ifikie joto la chumba.

Kwa madoa ya zamani, siki nyeupe. Weka tone moja juu ya doa, subiri dakika chache, suuza, kausha. Doa likitoka lilikuwa madini, na unaweza kulowesha glasi nzima kwenye maji ya vuguvugu yenye siki. Kama zako ni kristali ya zamani yenye risasi (ile metali nzito), usiziache kwenye siki kwa muda mrefu, kwa sababu asidi ya siki inaitoa risasi kwenye kioo. Pitisha, suuza vizuri, inatosha. Kristali ya aina hiyo si kitu kidogo: kwa kanuni za Ulaya za mwaka 1969, kioo kinahitaji kuwa na angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi ili kiitwe kristali ya risasi. Glasi nyingi nzuri za siku hizi hazina risasi kabisa.

Lakini doa likibaki, na glasi yote imekuwa kama imepuliziwa pumzi isiyotoka, hapo nasikitika kukuambia kwamba hilo si doa. Uso wa kioo chenyewe umeliwa. Mara nyingi ni mashine ya kuoshea vyombo: sabuni kali ya alkali, maji ya moto sana, muda mrefu, tena na tena. Hakuna siki wala dawa ya kung'arisha itakayorudisha. Nilisugua glasi moja ya namna hiyo kwa karibu saa nzima kabla ya kukubali. Wapo watengenezaji wanaosema glasi zao zinavumilia mashine, na kama wako amesema hivyo mwamini, ila kwa kristali nyembamba ya zamani mimi sithubutu.

Kuhusu kitambaa, ambalo wengi mmelijadili. Taulo la pamba lenye vinyweleo achana nalo, linaacha vinyuzi. Kitani ni kizuri kwa sababu nyuzi zake ni ndefu na haziachii ovyo, ila kikiwa kipya hakinyonyi maji. Kifue mara kadhaa kwanza. Mikrofaiba ndiyo ninayotumia zaidi. Nyuzi zake ni nyembamba mno, mita 9,000 za uzi mmoja hazifikishi gramu 1, ndiyo maana inachukua hata alama ya kidole bila kusukumwa. Chagua ile laini iliyofumwa bila vinyweleo. Chochote utakachochagua, usikifue kwa dawa ya kulainishia nguo. Dawa hiyo inaacha utando kwenye nyuzi, kitambaa kinaacha kunyonya, na utando wenyewe unahamia kwenye glasi. Mikrofaiba isifuliwe pamoja na taulo za pamba, itabeba vinyuzi vyao vyote. Na kitambaa cha glasi kiwe cha glasi tu. Kikifuta meza mara moja kinaweza kubeba chembe ya mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo.

Aliyeuliza kwa nini shampeni yake haitoi mapovu kwenye glasi iliyong'arishwa sana: umeona vizuri. Mapovu ya shampeni mengi yanaanzia kwenye vinyuzi vidogo vya selulosi, yaani nyuzi za mimea kama pamba na kitani, vilivyoshikamana na kioo, vilivyodondoka kutoka hewani au vilivyoachwa na kitambaa. Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims, Ufaransa, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Kwa hiyo glasi za shampeni naona hata kitani kinafaa kuliko mikrofaiba. Mabaki ya sabuni nayo yanaua povu, kwa hiyo suuza mara mbili.

Kuhifadhi: zisimamishe kwa kitako. Ukizigeuza, uzito wote unakaa kwenye ukingo, ambao ni mwembamba kama ganda la yai, na hewa ya kabati inafungiwa ndani. Ukiinusa glasi iliyokaa kifudifudi mwezi mzima utasikia harufu ya mbao, na harufu hiyo inaingia kwenye mvinyo. Vumbi kidogo ni rahisi kulitoa kwa mvuke.

Mleta mada, anza na lile tone la siki kwenye glasi moja, kisha rudi utuambie doa limetoka au limebaki. Na utuambie pia zinaoshwa kwa mkono au kwa mashine, maana hilo hukulitaja.