Ndoo ya getini haitoshi, angalia chumbani kwenu

Mdogo wangu anaingia chuo mwezi wa kumi, na mama kaniambia nimweleze mambo ya kujikinga na magonjwa ya mlipuko, maana anakumbuka nilivyorudi nyumbani mwaka 2020 nimekonda kama ufito. Nayaandika hapa, huenda yakamfaa na mwingine.

Vyuo vilifungwa Machi 18 mwaka ule, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Tanzania, vikafunguliwa Juni 1. Tuliporudi tulikuta ndoo zenye koki kila mlango. Darasani kweli tuliachiana viti. Jioni sasa! Chumba cha watu wanne tulilala sita, kwa sababu wawili tulikuwa tumewabeba, yaani hawakupata chumba tukawa tunalala nao. Kitanda chembamba, watu wawili, mzungu wa nne. Hiyo mita moja ya kuachiana unaipimia wapi?

Wiki ya tatu nikaanza kukohoa. Nikasema ni vumbi. Kesho yake homa, nikasema malaria, nikanunua mseto dukani bila kupima. Ijumaa tulikuwa na kazi ya kikundi ya kuwasilisha, nikaenda hivyo hivyo, na usiku tukala ugali na dagaa kwenye sinia moja kama kawaida yetu. Siku chache baadaye wenzangu watatu wako chini. Mmoja ana pumu. Saa saba usiku tulikuwa tunachangishana nauli ya bajaji, na kadi yake ya bima, ile tuliyolipia 50,400, hakuwahi hata kuifuata. Alipona, lakini mpaka leo akikohoa kwenye simu nashtuka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, la kwanza si kununua kitu. Wiki ya kwanza, wote mkiwa wazima, kaeni mkubaliane: atakayeanza homa au kikohozi aseme siku hiyo hiyo. Apewe kitanda cha dirishani, alale peke yake, aliyebebwa atafutiwe pa kujibanza. Chakula chake kiwe na sahani yake. Na wa kikundi chake wambebee kipande chake cha kazi. Hili la mwisho ndilo lenye uzito, maana mimi sikuficha ugonjwa kwa ujinga, nilificha kwa kuogopa alama. Mwalimu ukimwambia mapema na karatasi ya daktari mkononi, mara nyingi anaelewa. Ukimwambia baada ya tarehe kupita, utajijua.

Homa pima. Kipimo cha malaria ni tone la damu na dakika chache, na kikisema huna, usimeze mseto kwa kubahatisha. Antibiotiki nazo haziui virusi, hata kama jirani wa chumba cha pili anakuapia zilimponya. Ukianza kuhema kwa shida, nenda hospitali, usingoje kupambazuke. Kadi yako ya bima ifuate mapema.

Dirisha. Sisi tulikuwa tunafunga saa kumi na mbili jioni kwa sababu ya mbu, tukalala sita tukivuta pumzi ile ile mpaka asubuhi. Wavu wa dirisha ulikuwa umetoboka. Tulikuja kuushona kwa uzi wa viatu, kazi ya nusu saa, na dirisha likawa wazi usiku kucha. Hakuna tulichofanya chenye faida kuliko hicho, tena bure.

Ndoo nawa, lakini iangalie koki. Umeifungua kwa mkono mchafu, utaifunga kwa mkono msafi? Tumia kiwiko. Beba na kipande chako cha sabuni, maana ile ya chupa huongezwa maji hadi haitoi povu. Barakoa usiazime. Niliwahi kuona moja ikivusha watu wanne maktaba: wa kwanza anaingia, anairusha juu ya uzio, wa pili anavaa.

Na nyungu? Mvuke wa mchaichai unafungua pua, sikatai. Ila sisi tuliingia watatu chini ya blanketi moja, tukakoholeana usoni tukidhani tunajitibu. Ukitaka kujifukiza, ingia peke yako, na sufuria iwe mahali pasipopinduka.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa bibi Korogwe. Basi zima nilivaa barakoa, na nikamwambia kwamba siku kumi za mwanzo nitalala chumba cha uani na kula barazani. Alinuna. Siku ya kwanza alinipelekea chai kupitia mjukuu mwingine, hata salamu hakutuma. Siku ya tatu akaburuta mkeka wake mpaka chini ya mwembe, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili kama huko chuo wananilisha.