Shangazi, niache picha ipi?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, ni fundi umeme. Nikiweka mtandaoni picha ya kazini, ndani ya ovaroli, naitwa jikedume. Nikijipodoa na kutia filta, laiki zinamiminika, ila inboksi inajaa "umeolewa?" na hakuna anayeulizia kazi. Juzi mteja amenifungulia mlango, akauliza fundi yuko wapi! Mama naye anasema picha za bisibisi zitanikosesha mume. Nifute zipi?*
*Fundi wa Kike*

Marahaba mwanangu.

Nimezitazama zote mbili ulizonitumia, na macho yangu yameishia mikononi. Kwenye ya ovaroli bisibisi umeikamata hasa, kidole gumba kimekaza mpaka ukucha umekuwa mweupe. Kwenye ya pili drili umeigusa kwa ncha za vidole, kichwa umekilaza upande, goti umelikunja, utadhani drili ni ya kuazima na umeonywa usiichafue. Nani alikufundisha mkao huo? Hakuna. Tumeuona tangu utotoni mpaka mwili ukauhifadhi. Mwaka 1979 mwanasosiolojia Erving Goffman alichapisha uchambuzi wa picha za matangazo ya biashara, akaonyesha jambo hilihili: mwanamume hukishika kitu akakitumia, mwanamke hukipapasa tu. Wakati huo simu za kamera hazijazaliwa. Leo tunajipiga wenyewe, na mkao ni uleule.

Hao wa "umeolewa" siwatetei, wengine adabu hawana. Lakini picha ile haikuwaambia popote kwamba unajua kufunga soketi.

Filta iondoe. Sisemi meikapu ni kosa, mimi mwenyewe sitoki bila wanja. Ila filta imekupa pua ya mtu mwingine na ngozi imefuliwa ikang'aa kama sahani. Yule mteja huenda alitarajia mwanamume, wapo wengi wa hivyo, lakini na wewe hukufanana na picha yako. Na kama ni pua inayokusumbua, kosa ni la umbali: utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba picha ya sentimita 30 hivi kutoka usoni huifanya pua ionekane pana kwa karibu 30%, ikilinganishwa na ya mita moja na nusu. Weka simu mbali, tumia taima.

Wanaokuita jikedume usiwajibu. Ingia kwenye mipangilio ya maoni, lizuie neno hilo lisionekane, uendelee na kazi.

Mama usibishane naye. Siku taa yake ikigoma, mwite akumulikie tochi, akuone unavyozima umeme kwanza, unavyopima waya kabla ya kuugusa. Ukishamaliza mpe simu akupige, asimame mbali kidogo. Hiyo ndiyo uiweke juu kabisa kwenye ukurasa wako. Rangi ya mdomo paka ukitaka.