Mwanangu, Nenda Kilifi kwa Kalenda ya Maji

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma jana jioni ndani ya matatu, tumekwama Jogoo Road kama kawaida, kwa hiyo niliurudia kwa utulivu hadi nikauelewa. Unasema umepata likizo ya siku tisa mwezi wa Februari, Nairobi imekuchosha, na unatamani mji mdogo wa ufuoni wenye wasanii, muziki na watu wasio na haraka. Hoteli ya kufungwa utepe mkononi huitaki. Halafu ukaniwekea orodha: Diani siku mbili, Kilifi mbili, Watamu mbili, Lamu mbili, na siku moja ya njiani. Ukauliza, "Baba, nitazipangaje siku hizi nifike kote na bado nirudi nimepumzika?"

Hutafika kote ukarudi umepumzika. Kati ya Diani na Lamu kuna feri ya Likoni, foleni ya Mtwapa, barabara ndefu ya Garsen na boti ya Mokowe, na kila mahali utafungua begi na kulifunga tena. Chagua mji mmoja, ulale nyumba moja. Mimi ningechagua Kilifi.

Hiyo mingine siidharau. Diani ina mchanga mweupe usio na mfano, lakini maisha yake mengi yamejengwa juu ya hoteli, na wewe hoteli umezikataa. Watamu ina hifadhi ya bahari tangu 1968, ina matumbawe, na ina Waitaliano wa kutosha kukufanya uagize kahawa kwa lugha yao. Bei nazo zimewafuata wao. Lamu ndiyo inayonipa shida kuiondoa. Mji Mkongwe wake uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2001, punda ndio usafiri wa vichochoroni, na Shela ina ufuo wa kutembea hadi uchoke mwenyewe. Lakini Lamu kwa barabara itakula siku zako, na kwa ndege itakula mshahara wako. Iwekee safari yake peke yake.

Sasa Kilifi. Vijana wenzako wanadhani mji huo uligunduliwa na watu wa Nairobi waliokwenda kwenye tamasha la Mwaka Mpya kule kwenye mibuyu. Nilifundisha huko kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, wakati gari likitoka Mombasa lilisubiri feri upande wa Mnarani na wachuuzi wa korosho wakaja dirishani. Tayari palikuwa na wageni waliotia nanga na mashua zao za matanga ndani ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, wakasahau kuondoka. Mwaka 1989 kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kilianza pale karibu na hospitali, wakaja watafiti wa kila nchi. Baadaye Chuo Kikuu cha Pwani kikapata hati yake, 2013, mji ukajaa wanafunzi. Ukichanganya mabaharia, watafiti, wanafunzi na Wagiriama wenyewe, ambao ngoma na pombe ya mnazi hawakufundishwa na mtu, unapata mji ambao unaweza kukaa mezani na fundi wa jahazi, mpiga gitaa na daktari bila mmoja wao kuuliza unafanya kazi wapi. Hicho ndicho unachokitafuta, hata kama hukukiandika hivyo.

Kuhusu kupanga, nitakwambia jambo ambalo huenda usilipende. Likizo ya polepole inadai mipango mingi kuliko ziara ya mbio, ila mipango yote inamalizika hapa Nairobi. Ukishafika, kinachobaki ni kuamka na kuuliza maji yako wapi.

Ndiyo, maji. Watu wa bara tunaiona bahari kana kwamba iko pale pale saa zote. Unafika Bofa, ufuo wa Kilifi, saa nne asubuhi na taulo lako, unakuta bahari imerudi kule mwambani na mbele yako kuna mchanga, majani na madimbwi. Unakasirika, unaingia kwenye simu kutafuta ufuo mwingine, unaita tuktuk, na likizo imegeuka kazi. Kumbe ulihitaji kujua mwezi tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakuwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti inaweza kukaribia mita nne. Pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa katikati ya asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki hivi yanakuwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zinakuwa zimegeuka: maji yanajaa asubuhi na kupwa alasiri.

Kwa hiyo, kabla hujamwomba bosi wako tarehe, fungua kalenda ya mwezi. Pendekezo langu ni uzipange zile siku tisa ili mwezi mwandamo uangukie katikati. Utaanza na maji ya upole, ufike kwenye bamvua ukiwa umeshazoea, na usiku wa giza utapata jambo ambalo Kilifi inalo na Nairobi haitakuwa nalo kamwe: ndani ya hori kuna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na vikitikiswa hutoa mwanga wa samawati. Ukipitisha mkono majini vidole vinawaka. Mwezi ukiwa mkubwa huoni kitu, na ndiyo maana wengine hurudi wakisema walidanganywa. Mtafute mwenye mtumbwi anayefahamu hori, mwende wawili watatu, na asiwepo mtu wa kuwasha tochi kila dakika.

Siku zenyewe, basi, zitajipanga. Maji yakipwa asubuhi, unatembea Bofa hadi jua liwe kali, ukiwa umevaa sandak maana mwambani kuna viumbe vyenye miiba mieusi ambavyo havina huruma na nyayo za Nairobi. Mchana unalala. Usione haya, Pwani yote inalala. Maji yakijaa alasiri unaoga, jioni unasikiliza muziki ukiupata. Kukitokea siku ukasoma kitabu tangu asubuhi hadi magharibi, usinipigie kunieleza kwamba umepoteza siku.

Februari ni mwezi mzuri. Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia, maji huwa safi, na masika hayajaingia. Mvua kubwa za Pwani huja Aprili na Mei. Tatizo ni joto. Ukitafuta nyumba ya kukodi, kila mtu atakuonyesha picha za bwawa la kuogelea. Wewe uliza madirisha ya chumba cha kulala yanatazama wapi. Chumba kinachopokea upepo wa kaskazini mashariki kitakufanya ulale. Chenye mgongo upande huo kitakupika hadi alfajiri hata kikiwa na feni. Uliza pia chandarua, maana malaria haijui kwamba uko likizo, na uliza maji ya bafuni ni ya mfereji au ya kisima, kwa sababu ya kisima mara nyingi yana chumvi. Bofa ni ya bahari wazi na mchanga. Mnarani na kandokando ya hori ni pa watu wa mashua na machweo. Kama unataka kuogelea bila kuhesabu saa za maji, kaa karibu na hori.

Laptopu iache kwa dada yako. Najua umeandika "nitafanya kazi kidogo tu asubuhi". Kilifi imejaa watu wanaofanya kazi kidogo tu asubuhi, na ukiwatazama saa nane mchana bado wako kwenye simu na mteja wa Ulaya. Kama wanalipwa na wameamua kuishi hivyo, heri yao. Wewe una siku tisa.

Usafiri usikuumize kichwa. Panda treni ya Syokimau ya saa mbili asubuhi, ile inayosimama njiani. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500. Kwa siku hii daraja la kawaida linatosha, ubaki na pesa za samaki. Tafuta kiti cha dirishani, Tsavo inapita mbele yako na ndovu wake wekundu kwa udongo, nawe hujalipa mlangoni. Treni ya saa nne usiku inavutia kwa sababu inaonekana kuokoa siku, lakini inakushusha Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, kabla ya alfajiri, umevunjika shingo, na siku uliyoiokoa utaitumia kulala. Basi la usiku ni hivyo hivyo. Kutoka Miritini hadi Kilifi ni kama kilomita 60 na kidogo, kwa gari la kwenda Malindi. Mtwapa mtasimama, hilo lipo. Baada ya hapo ni mashamba ya mkonge ya Vipingo na mibuyu katikati yake, kisha daraja, na hori chini yako. Siku hiyo usiahidiane na mtu.

Nakuruhusu matembezi mawili, na yote ni ya karibu. La kwanza ni magofu ya Mnarani, juu ya jabali upande wa kusini wa hori. Ulikuwa mji wa Waswahili tangu karne ya 14, ukahamwa karne ya 17, na msikiti wake mkuu bado una maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye kibla. Nenda asubuhi mapema, kaa chini ya mbuyu, tazama mashua. La pili ni Takaungu, kusini kidogo, mji wa kale wa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliohamia huko baada ya Sultani Seyyid Said kuwang'oa Mombasa mwaka 1837. Hakuna cha kununua huko, na ndiyo sifa yake. Magofu ya Gede, yaliyoingia urithi wa dunia mwaka 2024, na msitu wa Arabuko-Sokoke viko njia ya Malindi. Vinastahili siku nzima, na ukivigusa utataka na Watamu, ukitaka Watamu utataka Malindi, na tutakuwa tumerudi kwenye orodha yako. Viache. Kaya za Wamijikenda, misitu yao ya jadi, nazo usiingie kwa kujipeleka, hata kijana wa bodaboda akikwambia anajua njia. Ni mahali patakatifu, na huingia mtu aliyekaribishwa na wazee.

Mama yako amenisimamia hapa anasema nikwambie habari ya mavazi. Ufuoni vaa unachotaka. Ukiingia mjini, na Takaungu hasa, jifunge leso, funika mabega. Wageni wengi wanaojiita watu huru wanasahau kwamba huru ni wao tu, na yule mama anayewauzia mahamri analazimika kuangalia pembeni. Angalia pia kalenda ya Kiislamu: miaka hii Ramadhani inaangukia karibu na Februari, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Ukiikuta, mikahawa mingine itafungwa mchana, lakini jioni ya futari mji unaamka upya, na kwa mtu anayetaka kuishi polepole hiyo ni bahati. Wewe kula kwako faraghani, basi.

Chakula hakina mpango. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana dafu, jioni nenda wanakoshukia wavuvi mashua zikirudi, ununue changu au tafi, jirani wa nyumba atakuonyesha anayekupikia wali wa nazi kwa bei ya haki. Mnazi uuonje mahali ulipogemwa na kwa mtu unayemjua; wa chupa ya barabarani sijui umechanganywa na nini, nawe hutajua.

Jambo moja la haki yako. Bofa utakuta kuta ndefu na walinzi watakaokwambia ufuo ni wa mwenye nyumba. Katiba ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya maji yakijaa na maji yakipwa ni ya umma. Usigombane naye, anatafuta unga tu. Msalimie, ulizia njia ya wavuvi, upite huko. Ukishafika mchangani hana la kukufanya.

Tiketi kata mapema, za mwisho wa wiki huisha. Nitumie tarehe kabla hujalipia nyumba, nikuangalizie maji. Mama yako anaomba mabuyu na achari ya ndimu, na anasema usimletee leso nyingine, kabati limejaa.

Wako,
Baba